Kurani anahifadhi, hesabu zinamshinda

Shangazi, assalaam alaykum.

Nakuandikia usiku, nyumba imelala. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Langoni, hapa Lamu. Wa kati ndiye anayeniondolea usingizi. Ni mvulana, ana miaka 9, yuko gredi ya 3.

Tangu azaliwe hajapata raha kamili. Akinyonya, maziwa yanamtokea puani. Siku ya 12 akashikwa na degedege, mikono imekakamaa, macho yamepinduka. Wazee wakasema ni mdege. Hospitalini wakampima damu, wakasema kalsiamu imeshuka, na tena wakasikia moyo una mlio usio wa kawaida. Kumbe ulikuwa na tundu. Alipasuliwa akiwa na miaka 2, alhamdulillahi akapona. Kutembea alitembea na miezi 20. Kusema, mpaka miaka 3 maneno yake ungeyahesabu kwa vidole.

Mwaka jana tulivuka Mokowe, tukapanda basi, tukafika Nairobi kwa daktari wa moyo. Alimtazama uso, akammulika kinywani, akaagiza damu ipimwe mambo ya urithi. Jibu lilikawia. Karatasi moja imeandikwa 22q11.2, daktari akanieleza kuwa kuna kipande cha kromosomu kimepungua. Karatasi nyingine imeandikwa sindromu ya DiGeorge. Sijui kama ni maradhi mawili au ni moja.

Lakini lililonifanya niandike ni hili. Chuoni kwa maalimu, mwanangu ni wa kusifiwa. Juzuu Amma ameimaliza, sasa yuko Tabaraka. Akisikia aya mara nne tano, imeshaganda kichwani. Skulini ndiyo balaa. Saba na tano hajui ni ngapi. Kitabu cha Kiswahili anasoma ukurasa mzima bila kukosea, ukimuuliza nani aliyebeba kikapu anakutazama tu. Mwalimu ameniita mara mbili. Aliniambia, "Mtoto anayehifadhi Kurani hana kichwa kibovu. Huyu ni mvivu, na wewe mama unamdekeza." Mume wangu, naye ni mvuvi, mtu wa kazi, ameshika neno hilo hilo. Amemchapa kwa ajili ya hesabu, na mimi nilikuwa jikoni nasikia.

Wiki iliyopita nilimtuma dukani, si mbali, nyumba ya nne kutoka kwetu. Nilimpa noti ya 200, alete nazi mbili na sukari nusu kilo. Amerudi na nazi, sukari hana, mkononi amefumba sarafu moja ya 20. Anacheka, anaamini ameniletea chenji yote. Baadaye nikaambiwa wavulana wakubwa walimwambia, "Tupe hizo za karatasi, sisi tukupe hii, hii ni nzito." Akawapa.

Na hasira zake, Shangazi. Tulipanga kwenda Shela kwa nyanya yake, mashua ikakosekana. Aliingia chini ya ngazi, akaziba masikio, akawa anauliza lile lile mpaka usiku: "Tunaenda Shela? Tunaenda lini? Nani anaenda?"

Mavyaa wangu anasema yote haya ni kwa sababu nilipokuwa na mimba yake nilitoka kwenda pwani wakati wa maghribi. Sasa ameshamwita mtu aje Ijumaa ijayo amkate mtoto kimio, kwa sababu anasema king'ong'o. Anasema kimio kikitoka, ulimi utanyooka. Majirani nao wananishauri nimtoe skuli, abaki chuoni tu anakoheshimiwa.

Lingine ni kwamba yule daktari wa Nairobi, tukiwa tunatoka mlangoni, alisema watoto hawa wakikua wengine huugua akili. Hakueleza zaidi, kulikuwa na foleni. Tangu siku ile nikimwona anazungumza peke yake moyo unanipasuka. Nami nina mimba ya miezi 3, hajui mtu ila mume wangu.

Juzi mtoto mwenyewe ameniuliza, "Mama, mimi ni mjinga?" Nikajifanya sikusikia. Nimwambie nini?

Mama wa Langoni, Lamu

*

Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kabla ya mengine yote tulimalize la kimio, maana hilo limeshawekewa siku.

Kimio kisikatwe, si Ijumaa hiyo wala siku nyingine. Nyuma ya kaakaa kuna nyama laini inayonyanyuka tunapomeza na tunaposema, ikaifunga njia ya puani. Kwa watoto wengi wenye hali ya mwanao nyama hiyo ni fupi, au ni dhaifu, au ina mpasuko uliofunikwa na ngozi hata ukichungulia kinywani huuoni. Ndiyo maana maziwa yalitokea puani, na leo maneno yanapitia huko huko. Ulimi wake hauna kosa. Ni mlango usiofunga vizuri, na kimio ni sehemu ya huo mlango. Ukikikata, hewa itazidi kuvuja. Tena kwa watoto hawa mishipa mikubwa ya damu ya shingoni wakati mwingine hupita karibu na ukuta wa koo kuliko ilivyo kawaida, na kinga yao ya mwili mara nyingi ni pungufu. Wembe kooni kwa mtoto kama huyo waweza kumwaga damu isiyokatika, au kuleta usaha utakaomlaza kitandani.

Hata daktari wa pua na koo, akitaka kumtoa vile vinyama vya nyuma ya pua kwa sababu anakoroma, mtajie kwanza 22q11.2. Kuvitoa kunaweza kuzidisha king'ong'o. Na wakikwambia umpulizishe maputo ili sauti ikae sawa, usijisumbue, kupuliza hakuzibi pengo. Anayefaa hapa ni mtaalamu wa matamshi, na kwa wengi upasuaji wa kaakaa wenyewe, kwa mikono ya anayeijua hali hii.

Mavyaa wako usigombane naye. Huyu ni bibi anayetaka mjukuu wake aseme vizuri, na njia anayoijua ni ile aliyoiona kwa wazee wake. Mpigie simu yule daktari wa moyo, muulize kuhusu kimio, kisha mpe mavyaa simu asikie kwa sikio lake. Akitaka mtoto asomewe, na asomewe, Kurani haimdhuru. Ila kama ana dawa za hospitali zisisimamishwe, na kitu chenye makali kisikaribie koo.

Karatasi zako mbili ni jambo moja. Mwaka 1965 daktari Angelo DiGeorge wa Philadelphia, Marekani, alieleza habari za watoto waliozaliwa bila tezi ya thaimasi, ile ya kifuani inayokomaza chembe za kinga, na waliokuwa na kalsiamu ya chini. Mwaka 1978 Robert Shprintzen na wenzake kule New York wakaeleza watoto wenye kasoro ya kaakaa, kasoro ya moyo na taabu ya kujifunza. Ilidhaniwa ni maradhi mbalimbali, mpaka vipimo vya miaka ya 1990 vilipoonyesha kuwa wengi wao wamepungukiwa na kipande kile kile cha kromosomu ya 22. Tuna kromosomu 46, jozi 23, moja ya kila jozi kwa mama na moja kwa baba. Kwa mwanao, moja ya zile mbili za jozi ya 22 imeruka kipande. Kwa watoto wengi kilichoruka ni kama herufi milioni 3 za urithi, na sisi tuna kama bilioni 3. Ni sehemu 1 katika 1,000. Lakini humo mna jeni zaidi ya 30, na baadhi yake zina kazi katika kuujenga moyo, kaakaa, tezi za kalsiamu na ubongo mtoto angali tumboni. Kwa hiyo tundu la moyo, degedege la siku ya 12, maziwa ya puani na saba na tano, vyote vimetoka mahali pamoja. Na si wewe tu mwenye mtoto wa namna hii: makadirio mengi yako kati ya mtoto 1 katika kila 2,000 na 1 katika kila 4,000.

Kipande hicho kwa kawaida huruka pale yai la mama au mbegu ya baba inapotengenezwa, kabla hujajua kama utashika mimba. Ulipokwenda pwani maghribi, jambo hilo lilikuwa limeshatokea zamani. Hukufanya kosa, mwanangu, na mtu asikubebeshe.

Sasa nije kwenye lile neno la mwalimu, maana ndilo lililonikaa kooni. "Anayehifadhi Kurani hana kichwa kibovu." Mimi nimefundisha watoto wadogo Malindi kwa miaka mingi, na nakiri kuwa nilipoanza kazi ningeweza kulisema neno hilo mimi mwenyewe. Watoto wengi tuliowazoea, mwenye sikio jepesi huwa mwepesi wa hesabu pia, basi tukajifunza kupima kimoja kwa kingine. Kwa mtoto wa 22q11.2 kipimo hicho hakisemi kweli. Kukariri kwa sikio ni kazi moja ya akili. Kujua kuwa noti ya 100 ni nyingi kuliko sarafu ya 20, ingawa sarafu ni nzito zaidi kiganjani, ni kazi nyingine kabisa. Katika umri wa skuli wengi wao wana nguvu upande wa maneno: wanakariri, wanasoma herufi vizuri, hata imla wanaiweza. Wanapokwama ni kwenye wingi wa vitu, kwenye nafasi na wakati, kwenye maana iliyofichwa ndani ya hadithi, na kwenye kubeba mambo mawili matatu kichwani kwa mara moja. Kusoma ukurasa bila kosa na asijue nani alibeba kikapu, hilo limeandikwa na wataalamu wengi kuhusu watoto hawa. Mwanao hakulibuni ili akuudhi.

Utapewa pia nambari. Kipimo cha akili ambacho wastani wa watoto wote ni 100, wastani wa watoto hawa huwa karibu 70 hadi 75. Wapo walio chini ya hapo na wapo wa kawaida kabisa. Nambari hiyo isikutishe na isikutulize. Kwa mtoto kama wako inachanganya Tabaraka na hesabu kwenye sufuria moja, na ukionja hujui tena kilichowekwa. Mwombe atakayempima akwambie kila kitu mbali: maneno, wingi, kumbukumbu, utulivu wa mawazo.

Linaloniuma ni kuwa kipaji chake ndicho kinachomletea fimbo. Angekuwa hakariri chochote, mngemhurumia. Kwa kuwa anakariri, kila anachoshindwa mnaona amekataa.

Mumeo ni mtu wa kazi, basi usimpe maneno, mpe kitu cha kutazama. Siku akirudi na samaki, amkalishe mtoto barazani. Kwanza amwombe amsomee Suratul Mulk, ile ya Tabaraka. Akimaliza, amwekee samaki 12 mbele yake, amwambie, "Wagawe nyumba 3, sawasawa." Asimsaidie, asimkemee, aangalie mikono tu. Nadhani ataona mtoto akiweka wanne hapa, watatu pale, watano kule, kisha akiinua macho kumtazama baba usoni, kulitafuta jibu huko kwa sababu kwenye samaki halioni. Mtoto mvivu angetaka kuondoka. Akimwona mwanawe anavyohangaika na samaki hao, akiwasogeza na kuwarudisha, nina imani mumeo ataelewa jambo ambalo mimi na wewe hatuwezi kumweleza.

Kisha amfundishe kwa samaki hao hao: mmoja nyumba hii, mmoja ile, mmoja ile, mpaka waishe. Tena kesho. Mtoto huyu atajifunza, lakini njia yake ni sikio na mkono kwa pamoja. Jedwali la kuzidisha alisome kwa sauti, kwa mahadhi, kama anavyosoma chuoni, litamkaa. Ila usiliamini mpaka limeshuka mikononi: kokoto, kauri za pwani, sarafu halisi. Pesa afundishwe kwa pesa. Mpange na mwenye duka, kwa wiki mbili aende kununua kitu kimoja tu, kile kile, kwa pesa kamili. Wiki ya tatu apewe noti inayobakisha chenji moja anayoijua. Kikaratasi cha vitu awe nacho mfukoni. Kalkuleta apewe bila haya, kama anavyopewa miwani asiyeona mbali.

Maagizo nayo ni moja moja. Ukimwambia, "Weka mkoba, vua sare, nawa, uje ule," utamkuta amesimama na mkoba, na utasema hasikii. Amesikia. La kwanza limesukumwa na la pili. Sema, "Weka mkoba." Ngoja. Kwenye kusoma, msimamishe kila sentensi: nani? yuko wapi? kafanya nini? Mpe dada yake kikapu akibebe kweli, aone.

Nikuandae kwa jambo moja. Kuanzia gredi ya 4 masomo yanaacha vitu vya kushika, yanaingia kwenye mambo ya kufikiria, na hapo wengi wao huanza kuachwa nyuma zaidi. Mara nyingi hajasahau alichokijua, ila wenzake ndio wanaoongeza mbio.

Ya chini ya ngazi sasa. Hasira unayoiona pale, kwa macho yangu ni hofu. Wasiwasi ni jambo la kawaida sana kwa watoto hawa, kama mtoto 1 kati ya 3 huwa nao kwa kiwango cha kuhitaji tiba, na karibu idadi hiyo hiyo wana taabu ya kutuliza mawazo. Mara nyingi si ule utukutu wa kurukaruka, ni mtoto kukaa kimya huku akili imekwenda zake. Wengine wana dalili za usonji. Mtoto asiyeushika wakati vizuri, ukimwambia "tutaenda siku nyingine," ni kama umemwambia hamtakwenda tena. Chukua karatasi, chora mashua, chora nyumba ya nyanya. Mwambie tangu asubuhi, "Mashua ikipatikana, tunaenda leo. Ikikosekana, tunaenda kesho baada ya chuo." Akiuliza mara ya pili, mjibu. Akiuliza mara ya kumi, mwonyeshe karatasi kwa kidole. Na tabia ikibadilika ghafla, akawa mkali, ana ganzi midomoni au vidole vinamkaza, apimwe kalsiamu siku hiyo hiyo. Inaweza kushuka tena akiugua, akipasuliwa au anapobaleghe, hata kama miaka imepita.

Wale wavulana wa sarafu nzito watarudi. Mwanao anaamini kila anachoambiwa, na wao wamelijua hilo. Tumia sikio lake: mpe sentensi moja aikariri kama aya, "Ngoja nimuulize mama." Mfanyieni mchezo nyumbani, kaka yake awe mwizi, mara ishirini, mpaka itoke yenyewe. Na mzazi wa wavulana hao aambiwe, kwa heshima lakini aambiwe.

Skuli asitolewe. Chuo kibaki, tena mwombe maalimu aje azungumze na mwalimu wa skuli, maana anajua njia ya kumfikia mtoto huyu ambayo mwenzake haijui. Uliza ofisi ya elimu ya kaunti kituo cha tathmini cha watoto wenye mahitaji maalumu, kile wanachokiita EARC, uende na karatasi zako zote. Kazi yao ni kumpima na kuiambia skuli afundishwe vipi. Kurudia darasa peke yake hakutamsaidia kama atafundishwa vile vile. Wakiona anastahili, msajili na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Na fimbo za skulini, mwanangu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imezikataza. Mwambie mwalimu mkuu hilo kwa upole, lakini mwambie. Za nyumbani nakuachia wewe na baba yake, baada ya wale samaki.

Daktari alichokwambia mlangoni hakupaswa kukisema mlangoni. Nisikufiche, ni kweli. Kama mtu 1 kati ya 4 wenye hali hii, akiwa mkubwa, hupata maradhi ya akili ya kusikia sauti zisizokuwepo au kuamini mambo yasiyokuwepo. Watatu hawapati. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima, na yana dawa, na anayewahiwa mapema huwa bora kuliko aliyefungiwa ndani. Mtoto wa miaka 9 kuzungumza peke yake akicheza si dalili. Akifika miaka 13, 14 na kuendelea, ukiona amejitenga na watu aliowapenda, halali, anashuku kila mtu, masomo yameporomoka ghafla, au anasema kuna wanaomwita, mpeleke, usingoje. Kuna jambo moja liko mikononi mwenu: bangi. Huongeza hatari hii kwa vijana wote, na kwa wenye hali hii ndiyo kabisa msithubutu kuona ni mchezo wa vijana. Mengine mwachie aishi. Mtoto anayekodolewa macho kila anapofungua kinywa atajifunza kuogopa kinywa chake.

Mimba yako, hongera, Mungu akujalie salama. Kwa watoto 9 kati ya 10, kipande kimeruka kwao kwa mara ya kwanza, wazazi hawana. Lakini wapo watu wazima wenye hali hii kwa wepesi, wasiojua mpaka mtoto wao alipopimwa. Basi wewe na mumeo mpimwe damu. Mkiwa hamna, uwezekano wa huyu wa tumboni kuwa nayo ni mdogo sana. Mmoja wenu akiwa nayo, kila mimba ina nusu kwa nusu, na hapo pia isigeuzwe kuwa kesi ya nani kaleta. Kwa vyovyote mweleze mkunga historia hii, uombe moyo wa mtoto utazamwe vizuri kwenye picha ya wiki ya 20 hivi, na akizaliwa apimwe kalsiamu mapema. Mwanao mwenyewe akifika umri wa kuoa atahitaji kuambiwa kuwa kwake pia ni nusu kwa nusu. Ni habari ya miaka mingi ijayo, ila karatasi zihifadhi mahali pakavu.

Umeniuliza umjibu nini. Usijifanye hukusikia mara ya pili, kwa sababu atakuwa amejijibu. Kaa naye chini, si mbele ya ndugu zake. Mwambie, "Hapana. Ulizaliwa na kitu kidogo kimepungua ndani ya mwili wako, ndicho kilichofanya moyo wako upasuliwe, ndicho kinachofanya sauti ipite puani, na ndicho kinachofanya hesabu ziwe ngumu kwako kuliko kwa kaka yako. Kuhifadhi ni rahisi kwako kuliko kwake. Tutazifanya hesabu pamoja, polepole." Ataliuliza tena kesho, kama anavyouliza Shela. Mjibu kwa maneno hayo hayo, usibadilishe hata moja, atayahifadhi.